Kadi ya Kitanda cha Nne

Saa nane mchana ilikuwa haijafika, lakini kadi ya kitanda cha nne ilikuwa imeshajazwa vipimo vya saa nane. Mwandiko ulikuwa wa muuguzi wa zamu mwenyewe, aliyekuwa ameishika.

Wodini walimwita Sista Chapchap. Kina mama kumi na wanane waliojifungua kwa upasuaji, muuguzi mmoja, mashine moja ya presha. Kwa hiyo alipima wanne watano, wengine akawanakilia vipimo vya jana, na wakubwa wakamsifu kwa wepesi wa mkono. Aibu alikuwa nayo, ila alishaizoea.

"Hii sikuandika mimi," alinong'ona. Nyuma ya kabati la dawa kalamu ilikuwa ikikwaruza karatasi, kwaru, kwaru, na harufu ya damu iliyolala ikamjia puani.

Mama wa binti aliyelazwa kitanda cha nne alimvuta mkono. "Sista, mwanangu mbona wa baridi? Tena hanijibu."

Alifunua shuka. Damu ilikuwa imefika godoroni. Akapima presha: themanini kwa arobaini na tano. Kadi ilisema mia moja ishirini kwa themanini. Akakimbilia simu ya ukutani.

"Nisomee vipimo," daktari alisema kutoka chumba cha upasuaji.

Alitaka kusema themanini. Kinywa chake kikasema, taratibu kabisa, "Mia moja ishirini kwa themanini, daktari. Yuko sawa."

"Sasa unanipigia ya nini?"

Akajaribu tena, na tena, akajiuma ulimi, na kila alipofungua mdomo likatoka neno lile lile la upole, sawa, sawa, huku kalamu ikizidi kukwaruza na kadi zote kumi na nane zikijijaza zenyewe mpaka saa ambazo hazijafika, naye akaelewa kwa hofu kuwa kilichoingia wodini kilijifunza kazi kwake.

Akamvuta yule mama hadi ukutani, akambandika simu sikioni, akamnyooshea kidole kitanda.

"Daktari," mama alisema, "mwanangu amelowa damu. Mikono ya baridi. Njoo, baba."

Daktari alikuja mbio. Binti akaongezewa damu, akarudishwa kupasuliwa, na jioni alifungua macho akaulizia kichanga chake. Sista Chapchap alilia kwa furaha.

Daktari alimtazama. "Mbona umepauka hivyo? Unaumwa?"

Alitaka kumwambia yote: kwamba kile kitu kingali kooni mwake, na kwamba wamebaki kina mama kumi na saba wenye kadi za uongo.

"Niko sawa, daktari," kinywa kikajibu. "Wote wako sawa."