Kiti cha Mgeni

Haya yalimpata jirani yetu, fundi wa makochi, na asiyetaka kuyaamini simlazimishi. Hata yeye mwenyewe, kama yasingemkuta sebuleni kwake, angeyacheka.

Siku ilianza kama Jumamosi nyingine zote. Asubuhi Fundi alikuwa kwenye kibanda chake cha kazi mbele ya nyumba, anang'oa pini za stepla kwenye kochi la mteja msumbufu, mwanamke wa kubadilisha rangi ya kitambaa kila anapopita. Ndani, mama yake mdogo alikuwa anaosha vyombo huku akiimba nyimbo za kanisani kwa sauti yake ya mikwaruzo. Huyo ndiye aliyemlea tangu mama yake mzazi afariki, na sasa uzeeni alikuwa anakaa kwa Fundi. Walipendana, na kutaniana kulikuwa hakuishi. Mama mdogo alisema kichwa cha Fundi ni kigumu kuliko mbao zake. Fundi alijibu kwamba aliyekichonga anajulikana.

Na ni kweli. Utotoni Fundi alikuwa akiuliza maswali kanisani mpaka watu wanageuka. Mama mdogo hakumfinya kama wanavyofanya wazazi wengine. Alimwinamia akamwambia, "Uliza, mwanangu. Mungu si mtu wa kununa." Kwa maneno hayo Fundi alikua, akaipenda imani yake, na kila alichohubiriwa alikwenda kukitafuta mwenyewe katika Maandiko kabla ya kukimeza.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanzia. Mtaani kulikuwa na kikundi cha maombi, kikiongozwa na mama mmoja mpole, mzito wa sauti, aliyeitwa na wote Mlezi. Mlezi alimwagiza Fundi kiti kizuri chenye mikono, sponji ya kushiba, kitambaa cha mahameli nyekundu. Alisema ni cha mgeni. Fundi akakitengeneza kwa moyo wote, akidhani anakuja mchungaji kutoka mbali.

Hakuja mtu. Kwenye ibada ya kikundi kiti kiliwekwa katikati, kitupu, na kila aliyeingia alikiinamia na kusema, "Karibu, Mgeni." Zamu ya Fundi ilipofika, alibaki amesimama. Akauliza Mgeni ni nani. Mlezi akajibu kwamba ni mtumwa wa Bwana, aliyetumwa kuwaunganisha wawe kitu kimoja. Fundi akauliza jina lake. Mlezi akatabasamu, akasema jina haliulizwi. Basi Fundi akasema, kwa adabu zote, kwamba yeye ameagizwa kuzipima roho kabla ya kuzipokea, na roho isiyotaka kutaja jina hawezi kuikaribisha.  Watu wote chumbani waligeuza shingo kwa pamoja wakamtazama.

Tangu siku hiyo akawa mkosi. Wateja walipungua. Salamu zikakauka. Jumapili akikaa kwenye benchi, waliokuwa hapo walisogea, kisha wakahama, na mtu pekee aliyebaki ubavuni mwake alikuwa mama mdogo, amekumbatia mkoba wake na kuimba kwa nguvu kana kwamba hajaona kitu.

Kiti nacho kilikuwa kinazunguka nyumba kwa nyumba, kila familia na zamu yake. Nyumba zilizokipokea zilitulia. Zilitulia mno. Mwenye duka na mkewe walikuwa hawakubaliani hata kama dirisha lifunguliwe au lifungwe. Sasa ukiwauliza jambo walijibu kwa pamoja, maneno yale yale, huku wote wawili wakikutazama wewe. Binti yao, mdadisi kupita kiasi, hakuuliza tena kitu chochote. Mtaa mzima ilibaki nyumba moja tu ambayo haijampokea Mgeni.

Jumamosi hiyo, baada ya chakula cha mchana, Fundi alikwenda kupeleka mito ya makochi kwa mteja. Manyunyu yakamkuta njiani akajibanza mahali mpaka yalipokatika. Aliporudi, mlango ulikuwa wazi na nyumba iko kimya. Wimbo hausikiki.

Kiti kilikuwa sebuleni.

Kilikuwa kimewekwa katikati ya zulia, na meza imesukumwa pembeni kukipisha. Mama mdogo alikuwa ameketi mbele yake, mikono juu ya magoti, kama mtu aliye mbele ya mkubwa wake wa kazi.

"Nani amekileta, mama?"

"Walikuja wote. Wamekaa vizuri tu, tumeongea."

"Umewakaribisha wao, au umemkaribisha na yeye?"

Mama mdogo akatazama zulia. "Nimesema karibu," akanong'ona. "Nimesema kwa niaba yako."

 Ingekuwa Mlezi, Fundi angekasirika. Ingekuwa jirani, angemtimua. Lakini huyu ndiye aliyemfundisha kusimama, naye ndiye aliyemfungulia adui mlango mara tu Fundi alipompa mgongo. Iliuma mahali ambapo hakujua panaweza kuuma. Aliuliza kwa nini, na sauti yake ikatoka ya kitoto.

"Nimechoka, mwanangu," mama mdogo akasema. "Wewe una Mungu wako na kazi yako. Mimi nilikuwa na lile benchi. Nataka na mimi kukaa na watu."

 Fundi akapiga moyo konde, akapiga magoti palepale karibu na meza, akaanza kuomba kwa sauti ya chini. Aliomba ulinzi. Alimwombea mama mdogo. Alipofika mwisho, kabla hajafungua kinywa kusema amina, ikasemwa.

Ilitoka kwenye kiti.

Nywele zilimsimama. Mama mdogo hakushtuka hata kidogo. Fundi akafumba macho, akaomba tena, safari hii moyoni, bila kutikisa midomo. Hakuna binadamu ambaye angejua amefika wapi. Akamaliza.  Kisha, taratibu, karibu na sikio lake:

"Amina."

Akafumbua macho. Sponji ya kiti ilikuwa inabonyea. Aliijua sponji ile, aliikata kwa mkono wake. Ilishuka polepole, kama inavyoshuka mtu mzito anapoketi kwa uangalifu ili asiamshe waliolala. Mikono ya kiti ikalia. Mahameli ikajikunja pale vidole vinaposhika.

"Mbona unapigana?" mama mdogo akasema. "Keti nasi." Midomo ilikuwa yake. Sauti zilikuwa mbili.

Fundi akasimama.  Aliogopa, tena aliogopa sana, na hilo hakulificha baadaye aliposimulia. Lakini hakuinama.

"Hii ni nyumba yangu," akasema. "Mimi sijakukaribisha. Kwa jina la Yesu, toka."

Hakuna kilichotikisika. Saa ya ukutani ilikuwa inahesabu. Halafu sponji ikainuka. Ikajaa, ikarudi kama ilivyokuwa siku aliyoishona. Mama mdogo naye akainuka. Akakibeba kiti, yeye ambaye hata ndoo nusu alikuwa hawezi kuinyanyua, akatoka nacho bila kugeuka nyuma. Fundi alisikia kandambili zake zikipiga piga mpaka nje ya geti.

Akakaa chini akalia. Alilia kwa nafuu, kisha akalia kwa uchungu. Ameshinda, na ushindi umemwondolea mtu wake wa pekee. Uchungu ulipopungua aliona hawezi kumwacha mzee wa watu aende na kitu kile peke yake. Kama ni kusamehe, atasamehe wakiwa njiani. Akajifuta uso, akatoka kumkimbilia.

Alipofika getini, njia nzima haikuwa na mtu. Fundi akainama kutazama mchanga, uliolowa kwa manyunyu, ili ajue mama mdogo ameelekea upande gani.

Nyayo za kandambili zilikuwapo, moja baada ya nyingine, zikitoka mlangoni kuelekea getini. Sambamba nazo, mbichi vilevile, zilikuwapo nyayo nyingine. Za miguu mitupu. Ndefu, nyembamba, zimezama kama za mtu mzito sana. Hizo zilianzia getini, pale kandambili zilipotoka nje, na vidole vyake vilielekea nyumbani.

Fundi alizifuata kwa macho mpaka kwenye kizingiti. Mlango ulikuwa wazi, kama alivyouacha. Akasimama nje ya nyumba yake mwenyewe, asijue kama aingie, au apige hodi.