Mtaa wa Makufuli

Fundi rangi alitoa brashi zake nje, akazitazama, akazirudisha ndani. Zilikuwa safi mno. Wiki ya tano hiyo, hakuna aliyemwita kazini.

"Leo unaelekea wapi?" mkewe aliuliza.

"Kuganga njaa."

Mwaka uliopita alikuwa akisugua mikono kwa furaha. Nyumba za mtaani kwao zilikuwa zikiuzwa kama njugu. Tangu ujana wake alijua jambo moja: nyumba ikiuzwa, mwenyeji mpya hupaka rangi. Lakini safari hii mnunuzi alikuwa mmoja tu, tajiri asiyeonekana. Dalali wake alikuja na mkoba, watu wakatia saini, wakahama. Kisha malango yakatiwa makufuli. Nyumba kumi na moja zikabaki tupu.

Mkewe alifunga genge lake la mboga, maana zilikuwa zikinyauka mezani. Kinyozi alihama. Fundi bomba aliuza baiskeli yake.

Siku moja dada yake fundi alifika. Mama yao alikuwa amefariki miezi michache nyuma, akawaachia wao wawili nyumba yake, iliyokuwa hapo hapo mtaani.

"Kaka, dalali anatoa bei nzuri," dada alisema. "Tuuze, tugawane, kila mtu ashike hamsini zake."

"Tuuze," fundi alijibu. Hakufikiri mara mbili.

Siku mbili kabla ya kutia saini, mtaa ulipata msiba. Mzee mmoja, dereva mstaafu aliyeishi peke yake, alikutwa amekufa bafuni. Alikuwa ameteleza akavunjika nyonga. Daktari alisema mzee hakufa siku ile aliyoanguka. Alikufa siku ya pili.

Fundi alisaidia kumbeba. Ndipo alipouona ukuta. Plasta ilikuwa imebanduka, na chini palikuwa na kopo la bati lililobonyea. Mzee alikuwa amegonga, akagonga, akagonga. Upande huu nyumba tupu, upande ule nyumba tupu.

Baada ya mazishi, kabla hawajatia saini, kaka na dada walikwenda kwa jirani yao, mama mmoja mtu mzima aliyewahi kufanya kazi ofisi ya ardhi. Watu wote walimwita Bi Karani.

"Shangazi, kwani kuuza nyumba ni kosa?" dada aliuliza.

"Si kosa, mwanangu. Tatizo ni inakwenda kwa nani. Akinunua mtu wa kukaa, atamlipa mbeba mizigo. Atamwita fundi bomba, na huyu kaka yako. Kesho atataka sabuni, mboga, kinyozi. Mtoto wake atakaa kwenye dawati la shule yetu. Ile pesa inazunguka hapa hapa. Lakini akinunua mtu wa kungoja bei ipande, pesa inapita mara moja tu na kuondoka na muuzaji. Sisi tunabakiwa na kufuli."

"Maneno mazuri," dada alisema kwa ukali. "Lakini mimi nina watoto wanaotaka ada. Mtaa utanilipia?"

Bi Karani alitikisa kichwa. "Hautakulipia. Sikudanganyi. Ninachojua ni kwamba yuko muuguzi wa zahanati, ana mume na watoto watatu, anatafuta nyumba. Hawezi kufika bei ya dalali, lakini hayuko mbali nayo."

Dada alimgeukia kaka yake. Fundi aliliona tena akilini lile kopo la mzee.

"Dada yangu, nakuomba," alisema. "Upungufu utoke kwenye fungu langu."

Dada aliinamisha kichwa. "Haya. Lakini usiniambie nifurahi."

"Basi msiuziane kwa mdomo," Bi Karani alisema. "Kwanza hati iandikwe majina yenu, nyinyi warithi. Muuguzi naye aende ofisi ya ardhi akahakikishe nyumba haina deni wala kesi. Mkataba uandikwe mbele ya wakili. Pesa ipite benki, isipite mkononi."

Walifuata yote. Ilichukua miezi miwili, na fundi alilala njaa zaidi ya mara moja. Siku ya saini, dada alipokea fungu lake na kuondoka bila kuaga. Hajarudi hadi leo.

Muuguzi alihamia na mkokoteni wa vyombo. Fundi bomba alibadilisha mabomba yaliyooza. Mke wa fundi rangi alifungua genge tena, akaanza na mafungu machache ya mboga, yakaisha. Fundi mwenyewe alipata kazi ya siku nne, na katika chumba cha watoto alipaka rangi mara tatu badala ya mbili.

Muuguzi alisimama mlangoni akimtazama. "Kuko kimya sana huku. Kumebaki watu kweli?"

Fundi alihesabu kwa vidole vyenye rangi. "Kaya tisa, mama. Zilikuwa nyingi."

"Kumi," muuguzi alisema. "Na mimi nihesabu."