Meza ya Mninga Iliyotoka Gerezani

Chiku hakuwa mtu wa kuogopa meza. Miaka mingi alikaanga samaki Feri, moshi ukimla macho, akijinyima ili siku moja afungue mgahawa wake Kariakoo. Mumewe Zahoro, kuli wa bandarini, alikuwa akimtania kwamba mgahawa ndio mke mwenza. Basi asubuhi ile alipofungua mlango akakuta meza ya mninga imeondoka dirishani alikoiweka na kujibanza kwenye pembe ya giza, alimlaani mlinzi, akaiburuta mpaka mahali pake.

Kesho yake akaikuta pembeni tena.

Alikuwa ameinunua kwa fundi Mbaruku, aliyeitoa kwenye nyumba kongwe iliyokuwa ikibomolewa mtaa wa Gerezani. Viti na meza za plastiki Chiku hakutaka hata kuziona. Alitaka mbao zinazong'aa, ili wanaoshuka mwendokasi wachungulie na kuingia. Siku ya kupanga vyombo alifanya kama wafanyavyo wenye biashara mtaani: aliwasha udi, akapitisha chetezo chini ya kila meza, akisema, "Karibuni, karibuni sana." Chini ya ile ya mninga moshi haukupanda. Ulizama ndani ya mbao kama unaovutwa puani. Aliuona, akajifanya hakuuona.

Mteja wa kwanza kukaa pale alikuwa Abdulmajid, muuza vitambaa wa duka la jirani. Aliagiza supu, akanywa kidogo, akaganda.

"Dada Chiku," alinong'ona, "nani kanishika mabega?"

Nyuma yake hapakuwa na mtu, ila shati lake lilikuwa limebonyea huku na huku, likazidi kubonyea, na harufu ya udi ambao siku hiyo haukuwashwa ikaja imechanganyika na uvundo wa damu iliyochacha, ikawajaa wote kooni, na Abdulmajid akawa anashushwa taratibu, uso wake ukilisogelea bakuli la supu ya moto, mikono yake ikipapasa ukingo wa meza bila kupata nguvu, mpaka Chiku alipomkumbatia kiunoni na kumvuta wakaanguka wote sakafuni.

Mchana ule ule akamwita Bi Sitara, mganga wa Ilala. Bi Sitara aliinusa meza, akarudi nyuma.

"Hapa jini alikuwa anatandikiwa chano chake. Mayai, halua, damu ya kuku. Bibi aliyekuwa akimlisha kafa, meza ikauzwa. Na wewe ukamfukizia udi, ukamkaribisha kwa mdomo wako."

"Mimi nilikaribisha wateja."

"Aliyeitikia ni yeye."

Chiku aliona hasira zikimpanda kuliko woga. "Mtoe, Bi Sitara. Nimekula moshi kwa ajili ya mahali hapa."

Bi Sitara alitandaza kitambaa cheupe, akasoma. Meza ikatetemeka. Chini yake ikatoka sauti ya mzee aliyejaza chakula mdomoni.

"Nipeni pa kukaa."

"Mtajie mahali," Bi Sitara alinong'ona. "Pori, bahari, popote pasipo na watu, lakini utaje wewe mwenyeji. Taja vizuri, mwanangu."

"Akakae anapotaka," Chiku alifoka, "ila si mgahawani kwangu."

Bi Sitara alimziba mdomo, lakini alikuwa amechelewa. Mninga ulipasuka katikati kwa kishindo, na uvundo ukakatika hapo hapo.

"Si ameondoka?" Chiku aliuliza.

Bi Sitara alikuwa anakusanya vitu vyake, hamtazami. "Nyumbani kwako yuko nani?"

Chiku alipiga simu. Zahoro, aliyekuwa amelala baada ya zamu, akapokea kwa sauti ya usingizi.

"Mke wangu, mbona unahema hivyo?"

"Toka nje ya nyumba. Usiulize, toka sasa hivi."

Alisikia kitanda kikilia. Alisikia Zahoro akianza kusema jina lake, halafu sauti ikakatika. Kisha kitu kikatafuna taratibu kwenye simu, kikameza.

"Nitoke niende wapi," ile sauti ya mzee ikasema, "na nimeshakaa?"