Vichupa Sita vya Maabara

"Mwizi ni wa humo humo ndani," sauti ya Mkuu ilikwaruza kwenye kifaa cha sikioni. "Usimwamini mtu. Hata profesa."

Sindano alikuwa akisukuma toroli la usafi kwenye korido ya maabara ya saratani, bastola ya Glock imelala chini ya matambara. Miaka kumi na mbili ya ujasusi, leo mpiga deki.

Saa nne asubuhi.

Ndani ya friji la digrii themanini chini ya sifuri mlikuwa na vichupa sita vya dawa mpya. Profesa alishamweleza. RNA ni nakala ya amri za seli. Saratani ya damu hubandika alama za kikemikali kwenye nakala hizo, amri ya "zaliana" isifutike. Dawa ile humfunga mikono mbandikaji wa alama hizo.

Kesho wagonjwa wa kwanza wangechomwa dawa hiyo.

Majasusi wa kigeni walitaka vichupa vya dawa vitoke, vya maji viwekwe mahali pake. Jaribio life hapa, lizaliwe kwao.

Funguo za friji walikuwa nazo watatu: profesa mwenyewe, fundi wa friji, na mtunza stoo.

Fundi akachomoka mbio kutoka chumba cha friji, jasho linamtiririka.

Sindano akamzibia njia kwa toroli. "Wapi, kaka?"

Simu ya fundi ikaita, akaipokea kwa spika. Sauti ya mama mkwe ikajaa korido: "Wewe mwanaume uko wapi? Mwenzio anajifungua!"

Sindano akampisha.

Mtunza stoo akatokea, tabasamu mdomoni, chupa ya chai mkononi. "Pole na kazi, dada yangu. Karibu chai."

"Asante. Nimiminie."

Tabasamu likakatika.

Sindano alikuwa akitazama kifuniko. Kimeota barafu.

Chai gani hii?

"Rudi nyuma!" Mtunza stoo aliinua chupa juu. "Nitaipasua!"

Sindano akapiga ndoo teke. Maji ya sabuni yakamwagika miguuni pa jamaa. Akateleza, chali. Chupa ikaruka.

Sindano akaidaka kwa mikono miwili.

Goti kifuani. Pingu.

"Nani anakusubiri?"

"Prado nyeusi... geti la nyuma."

"Mkuu, umesikia?"

"Tumeshaizingira."

Profesa alifika akihema, akavihesabu vichupa vilivyofichwa ndani ya chupa ya chai. Sita. Bado vimeganda. Akavitoa frijini vile vya maji, akavirudisha hivi mwenyewe.

"Na mimi ulinishuku?"

"Wewe wa kwanza, Profesa."

Sindano akavua koti la usafi, akalikunja, akashuka ngazi taratibu kuelekea barabarani.