Kiti cha Nyuma Kilichokuwa Kitupu

Rafiki yangu Lidia, muuguzi pale Mbinga, alinisimulia haya akiwa ameinamisha uso. Shangazi yake Benadetha ni mzima mpaka leo, ila Lidia hajaweza kumwomba radhi.

Walitua Songea wakitoka Dar, shangazi ametibiwa jicho, bandeji bado usoni. Nje ya uwanja teksi ya Mbinga ilikuwa na mtu mmoja tu, mganga mfawidhi wa zahanati anakofanya kazi Lidia, amekaa mbele. Lidia akaionea aibu kanga iliyochakaa ya shangazi.

"Shangazi, gari limejaa. Wewe panda basi."

"Haya, mwanangu."

Lidia akakaa nyuma peke yake. Milimani ukungu ukashuka, ndani ya gari kukawa giza. Pembeni yake akasikia mtu akipumua polepole. Hakuthubutu kugeuka.

"Lidia," mganga akasema, "msogelee huyo mama, anasinzia."

Walipofika Mbinga, nje ya nyumba ya Lidia, dereva alizunguka akafungua mlango wa upande wa pili, akanyoosha mkono kwenye kiti kitupu.

"Pole na safari, mama. Kanyaga hapa, pana jiwe."

Vidole vyake vikajikunja kana kwamba vimeshika mkono, akatembea kinyumenyume, hatua kwa hatua, mpaka kwenye mlango wa nyumba.