Sindano ya Jioni

Jua lilikuwa limeshazama nilipoingia dukani Ilula kununua sindano. Sindano moja tu, ya kushonea nguo. Utasema, mwanamke huyu naye, sindano ni habari ya kusimulia? Basi wewe hukulelewa kwetu. Kwetu sindano haiuzwi giza likiingia, na bibi yangu alizoea kusema kwamba sindano ya usiku hushona sanda.

Lakini mimi nilitumwa.

Tajiri wetu wa Mbeya alikuwa na maduka kadhaa kando ya barabara kuu, na kazi yangu ilikuwa kuyazungukia nikijifanya mteja. Nanunua sukari, natupia jicho mizani, natazama kama muuzaji ana adabu, kisha narudi kutoa habari. Wauzaji hawakunijua. Mwaka ule wa hamsini na sita akaniita akasema kuna mama mmoja amekuja kulalamika kwamba duka la Ilula linamnyima sindano kila jioni.

"Ushirikina sitaki dukani kwangu," alisema. "Nenda jioni, Damari. Ukinyimwa na wewe, yule muuzaji namfukuza."

"Bwana, kazi hiyo mtume mwingine."

"Nilitaka nikupe duka la Mbalizi ukae mwenyewe. Kafikiri."

Nikafikiri. Nilifikiri kwenye basi njia nzima. Mbalizi, karibu na mama yangu, nisitangetange tena na vumbi la barabarani! Upande wa pili, muuzaji nisiyemjua hata jina. Nikajiambia nitaamua nikifika. Uongo mtupu. Aliyepanda basi ameshaamua.

Muuzaji aliitwa Rozalia, mjane wa Kihehe, rozari shingoni. Aliishi chumba cha nyuma ya duka na mtoto wake; nilimsikia akikohoa nyuma ya pazia.

"Kamwene," alinisalimu. "Karibu, mdogo wangu. Baridi yote hii umetoka wapi?"

Akanisogezea kigoda karibu na jiko la mkaa. Wema wake ulinichoma kuliko moto wenyewe. Nusura niombe kiberiti niondoke zangu.

"Nataka sindano, dada."

Mikono yake ikasimama. Akatazama mlangoni.

"Njoo kesho asubuhi," alinong'ona. "Nitakupa bure."

Hapo ndipo ningeondoka. Lakini ningekwenda kusema nini? Akininyima, anafukuzwa, yeye na mtoto wake. Akiniuzia... Jibu zuri lilikuwa moja tu, la kuikataa kazi, na hilo nililiacha Mbeya. Nikajidanganya kwamba namwokoa. Tena nikatoa uongo ambao hakuna mama awezaye kuukwepa.

"Nguo ya mtoto wangu imechanika, dada. Tunasafiri alfajiri."

Mimi sina mtoto.

Rozalia akainama, sauti ikazidi kushuka. "Kuna mtu huja hapo nje. Kila jioni anaomba sindano, kila jioni namnyima. Nikiufungua mkebe wa sindano kwa mmoja, na yeye siwezi kumnyima tena."

Nikachungulia nje. Barabara tupu. Ukungu.

"Hakuna mtu, dada."

Nyuma ya pazia mtoto akakohoa tena. Rozalia akaniangalia usoni, akanihurumia. Alinihurumia mimi!

"Ya mtoto," alisema taratibu. Akafungua mkebe.

Tak.

Taa ikafifia. Harufu ya udongo mbichi ikajaa dukani, ule wa shimo lililochimbwa leo.

"Na mimi..."

Sauti ilitoka chini, kizingitini, sauti ya mtu aliyeketi.

"Na mimi, dada... na uzi mweupe."

Rozalia hakupiga kelele. Alitoa sindano ya pili, akakata uzi, akaenda nao mlangoni huku machozi yakimtoka. Niliona mkono ukipokea. Kucha zake zilijaa udongo.

Nikakimbia. Nilitokea mlango wa nyuma, nikampita mtoto kitandani, sikumshika hata mkono.

Asubuhi majirani walivunja milango, yote ilikuwa imefungwa kwa ndani, hata ule niliotokea. Mtoto alikuwa hai, amelala, amefunikwa kitambaa kipya cha bafta nyeupe, ile ya sanda, kilichoshonwa pindo vizuri pande zote. Rozalia hakuwemo. Hakuonekana tena.

Kwa tajiri nilisema, "Aliniuzia. Alinikaribisha vizuri sana." Kila neno lilikuwa kweli, na kila neno lilinisuta. Akanipa duka la Mbalizi siku ileile. Tamaa mbele, mauti nyuma. Ila mauti yenyewe nilimwachia mwenzangu.

Tangu hapo, kila jioni nikiwasha taa, harufu ile inaingia. Kisha sauti, pale chini kizingitini.

"Kamwene, mdogo wangu... Sindano."

Ninamnyima. Naziba masikio na namnyima. Hanikasirikii, na hilo ndilo linaloninyima usingizi. Ananiomba kwa upole uleule alionisogezea nao kigoda.

Juzi tajiri alipita dukani, uso umekunjamana.

"Damari, kuna mama wa Kihehe amekuja kukulalamikia. Mpole kweli. Anasema unamnyima sindano. Anasema mnajuana."

Nikausukuma mkebe wa sindano nyuma ya magunia.

Na jioni hii binti mmoja ameteremka kwenye basi, vumbi mpaka kwenye nyusi. Amesimama mbele ya kaunta, macho chini, anasokota pindo la kanga yake.

"Nataka sindano, mama," amesema. "Nguo ya mtoto imechanika."

Nimemtazama. Uso ule naujua, niliwahi kuuvaa.

"Mwanangu," nimemnong'oneza, "kazi hii ungeikataa."

Ameanza kulia. Hakuniuliza kazi gani.

Taa inafifia. Udongo mbichi unanukia, na kizingitini kuna anayesubiri nifungue mkebe. Nimemwambia binti arudi kesho asubuhi, nitampa bure.

Haondoki. Mimi pia sikuondoka.