Shikamoo Chini ya Karavati

Mvua ilikuwa ikiteremka kwa kishindo kutoka kwenye miamba ya Masasi, na Bibiana alikuwa akipanga viroba vya mchanga mbele ya nyumba yake, aliposikia salamu kutoka chini ya karavati.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," akaitikia kwa mazoea. Nani mwenye adabu zake huiacha shikamoo ya mtoto? Ndipo akakumbuka kwamba karavati lilikuwa limejaa maji hadi juu.

Viroba vile, tusifichane, vilikuwa vya kugeuza maji yaende kwa jirani yake, Mama Salmini. Mtaa mzima ulikuwa hivyo: kila mtu alimsukumia mwenzake mafuriko, na mtaro ulioziba kwa takataka haukuwa na mwenyewe.

Tangu siku hiyo nyumba ikanuka tope bichi. Hata jua likiwaka, nyayo ndogo za maji zilionekana sakafuni, kutoka mlangoni hadi kitandani kwa Flora, binti yake wa pekee.

Akaitwa Bi Mwanasha, mganga wa Newala. Akanusa, akamwaga unga wa mtama kizingitini, kisha akanong'ona:

"Uliitikia?"

"Niliitikia, bibi."

"Basi umeshakuwa mama yake. Sasa anatafuta pa kulala. Mvua ikinyesha, usiitikie shikamoo ya mtu usiyemwona."

Alasiri moja, Flora akiwa bado hajarudi kutoka shule, mbingu zikafunguka. Bibiana akajifungia ndani, akauma kanga asije akaitikia. Na maji yakagonga viroba vyake, yakakimbilia kwa Mama Salmini, yakakuta naye ameweka vyake, yakarudi karavatini yakinguruma, na katikati ya ngurumo ile sauti ikaita shikamoo mama, ikaita tena, ikasema mama nimeteleza, mama nishike, mama mbona huniitikii, naye machozi yakimtiririka akazidi kuuma kanga mpaka sauti ikakoma.

"Amekwenda," akanong'ona. "Ahsante Mungu."

Mvua ilipokatika akafungua mlango. Flora alikuwa amesimama kizingitini, sare ya shule ikichuruzika. Alikuwa peku, na nyayo alizoacha kwenye unga zilikuwa ndogo mno, za mtoto anayeanza kutembea.

Nyuma yake, kiatu cha shule kilitoka karavatini kikielea. Ukafuata mkoba wa Flora.

"Shikamoo, mama."

Bibiana alitaka kupiga yowe, lakini hakuwa tena na mtoto mwingine wa kumwitikia.

"Marahaba," akasema, akampisha aingie.